Tone mnalolikimbia na tone mnalolipenda

SEHEMU YA 1

Wamama wenzangu, na nyie akina baba mnaosoma kwa kuchungulia simu za wake zenu. Nilisema sitagusa mada nyingine mpaka nimalize ile ya chanjo, lakini juzi kwenye zamu kimetokea kitu kimenikera na sitalala vizuri nisipokisema.

Alikuja mama mmoja, binti mdogo tu, na mtoto wake wa miaka minne mwenye makengeza. Kawahi foleni tangu saa moja asubuhi. Zamu yake ilipofika nikaja na chupa ya matone ya kupanua mboni. Akamkumbatia mtoto kama nimekuja na kisu. "Hapana sista, hayo sitaki. Nimeambiwa yanaua macho." Nikamweleza taratibu. Akampigia simu mama mkwe wake, mama mkwe akasema rudini nyumbani. Basi, wakanyanyuka.

Sasa kilichoniacha mdomo wazi ni hiki. Kabla ya kutoka akafungua mkoba, akatoa kichupa, akaniuliza kwa adabu kabisa kama naweza kumpatia kingine kama kile. Baba wa mtoto ni fundi wa kuchomelea mageti. Usiku macho yakimuuma anaweka tone moja, anatulia hapohapo, yaani dawa nzuri sana. Nikakipokea, nikasoma. Tetrakaini. Dawa ya ganzi.

Jamani. Dawa ambayo jioni au kesho yake imeisha nguvu tunaikimbia, halafu dawa inayoweza kutoboa jicho la baba watoto tunaitunza kwenye mkoba pamoja na wipes za mtoto. Hii wiki nitaandika kuhusu hilo tu. Nitagombana na mama wakwe, na wenye maduka ya dawa, na zaidi ya wote nitagombana na sisi wenyewe tunaovaa sare.

Kwanza mwelewe jambo moja. Chumba cha macho kina dawa ambazo hazitibu ugonjwa wowote pale tunapopima. Kuna za kupanua mboni, kuna za ganzi, na kuna rangi. Kazi yake pale ni kumwezesha anayepima aone. Ni kama tochi ya fundi umeme. Tochi haitengenezi waya, na wala huondoki nayo nyumbani.

SEHEMU YA 2

Tuanze na hili mnalolikimbia.

Mboni, ule mduara mweusi katikati ya jicho, ni tundu. Mwanga unaingilia hapo. Ukimulika tochi, tundu linasinyaa. Sasa sisi tunataka kuona nyuma kabisa, kwenye retina, na hatuwezi kuona bila kumulika, na tukimulika mlango unajifunga. Ndiyo maana ya tone. Linalegeza misuli, mlango unabaki wazi, daktari anachungulia chumba chote badala ya kipande.

Tropikamaidi inachukua kama nusu saa kufanya kazi na kwa watu wengi inaisha ndani ya saa chache. Saiklopentoleti, ambayo tunaitumia sana kwa watoto, inaweza kukaa mpaka siku nzima. Atropini ndiyo inayokaa, wiki moja mpaka mbili. Na hapa ndipo uvumi wote ulipozaliwa, nawaambia. Mtoto kawekewa atropini, hakuna aliyemwambia mama itakaa siku ngapi. Siku ya tatu mboni bado ni kubwa kama ya paka gizani, mtoto analalamika jua, haoni maandishi ya karibu. Jirani anakuja kuangalia, anasema wamemharibu. Wewe mama ungeamini nini? Mimi pia ningeamini jirani. Lile jicho lilikuwa linarudi lenyewe, lakini mdomo wa nesi uliokaa kimya siku ile umewatoa hospitali wamama kumi wa mtaa ule.

Kuna sababu nyingine ya tone kwa watoto, na hii wengi hawaijui kabisa. Lenzi ya jicho la mtoto ni laini na misuli yake ina nguvu sana. Ukimpima bila kuilegeza, anajikaza, anarekebisha mwenyewe bila kujua, na mashine inadanganywa. Mtoto mwenye tatizo kubwa la lenzi za kujumlisha, zile tunazoita plasi, anaweza kuonekana hana shida. Mwingine anaonekana anahitaji miwani ya kutoa wakati haihitaji. Ndiyo maana nikiona miwani ya mtoto wa miaka minne iliyopimwa kwa dakika mbili chini ya turubai, bila tone, naumia. Mmelipa hela kwa kubahatisha.

Rudi kwa yule mtoto wa makengeza. Yapo makengeza yanayoletwa na hiyo plasi yenyewe. Mtoto anajikaza ili aone, jicho linavutwa kuelekea puani. Ukipata namba sahihi ukamvisha miwani, kwa baadhi yao jicho linanyooka bila upasuaji. Lakini namba sahihi haipatikani bila tone. Na muda haukusubiri wewe na mama mkwe mkubaliane, kwa sababu jicho lililopinda ubongo unaanza kulipuuza. Hilo ndilo jicho vivu. Utotoni linarekebishika, ila kadiri miaka inavyokwenda linakuwa gumu, na akifika utu uzima hata umpe miwani ya dhahabu, ubongo umeshazoea kutolisikiliza.

Mmoja kaniuliza kwa komenti kama nataka kusema mama mkwe ni mjinga. Sijasema hivyo. Mama mkwe analinda mjukuu kwa taarifa aliyo nayo. Nauliza tu, hiyo taarifa kaipata wapi, na sisi tulikuwa wapi?

SEHEMU YA 3

Hii ni fupi na siipendi kuiandika.

Miaka kadhaa nyuma, kituo nilichokuwa nafanya kazi, alikuja mama na mtoto wa miezi kumi. Kwenye picha ya simu, iliyopigwa kwa flashi, jicho moja lilikuwa na wekundu wa kawaida na lingine lilikuwa na doa jeupe, kama jicho la paka. Daktari akataka kupanua mboni aangalie nyuma. Mama akakataa, sababu ileile. Hatukumbembeleza. Foleni ilikuwa ndefu, mtu akaandika kwenye faili "amekataa", tukaita anayefuata.

Alirudi baada ya miezi saba, jicho limevimba limetoka nje. Saratani ya retina, retinoblastoma. Jicho likatolewa, dawa za saratani zikafuata. Mtoto hakufika miaka mitatu.

Saratani hii huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Ikionekana mapema mtoto anapona, na mara nyingine hata jicho linaokolewa. Lakini huwezi kuijua ukubwa wake kwa kuangalia kupitia tundu lililosinyaa. Kwa hiyo ukiona weupe kwenye picha ya mwanao, usiulize kwenye magrupu ya WhatsApp, nenda hospitali yenye daktari wa macho wiki hiyohiyo. Muhimbili wapo, KCMC wapo, Bugando wapo, CCBRT wapo. Na wakisema tone, kubali.

Wenye watoto njiti pia nawasemesha. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hasa mdogo sana aliyewekewa oksijeni, mishipa ya retina yake ilikuwa haijamaliza kukua alipotoka tumboni. Inaweza kukua vibaya ikaivuta retina. Kwa nje jicho linaonekana zuri tu, linang'aa. Anahitaji kupanuliwa mboni na kuangaliwa wiki chache baada ya kuzaliwa. Kama umeruhusiwa kutoka na hakuna aliyekutajia macho, rudi uulize.

SEHEMU YA 4

Sasa nimeona wengine mmeanza kusema "nesi anasema haya matone hayana madhara yoyote." Sikusema hivyo, msinilishe maneno. Hakuna dawa isiyo na madhara, na mama anayeambiwa ukweli wote hukubali haraka kuliko anayeambiwa nusu.

Yanachoma yakiingia, mtoto atalia. Mtoto anaweza kuwa mwekundu usoni (kwa weusi wetu utaona zaidi joto la ngozi kuliko wekundu), mdomo ukakauka, akasinzia, au kinyume chake akachangamka vibaya na kuropoka. Saiklopentoleti ina tabia hiyo. Atropini ikizidi inaleta homa na moyo kwenda mbio. Nyingi kati ya hizi zinatokea kwa sababu dawa imeshuka kutoka jichoni kupitia kile kitundu cha machozi kwenye kona, karibu na pua, ikaingia mwilini. Kuna kitu rahisi cha kupunguza hilo, na tunakiruka kila siku kwa haraka zetu: kubonyeza ile kona kwa kidole dakika moja au mbili baada ya tone. Nesi asipofanya, fanya wewe. Futa na kinachomwagika shavuni, watoto wanalamba.

Tuambie kama mtoto ni njiti, ana shida ya moyo, ana kifafa, au ana Dauni. Tutachagua dawa na nguvu yake tofauti. Mtoto mchanga hapewi nguvu sawa na ya babu yake, na akikuta chupa ya atropini mezani akainywa ni sumu, kwa hiyo kama mmeandikiwa ya nyumbani ifungieni.

Kwa watu wazima, wachache ambao njia ya maji ndani ya jicho lao ni nyembamba wanaweza kupandishiwa presha ya jicho ghafla. Bibi akirudi nyumbani jicho likauma vibaya, kichwa kikauma, akatapika, akaona duara za rangi kwenye taa, mrudisheni usiku huohuo. Na baba aliyepanuliwa mboni asiondoke na pikipiki. Apakiwe.

Haya, hiyo ndiyo orodha ya ubaya wa tone mnaloliogopa. Sasa tuhamie kwenye mpenzi wenu.

SEHEMU YA 5

Mwaka 1884 kule Vienna daktari kijana, Karl Koller, alionyesha kwamba kokaini ikidondoshwa jichoni inaondoa maumivu. Kabla ya hapo mtu alikuwa anapasuliwa jicho akiwa macho makavu, ameshikwa na watu. Kwa hiyo dawa ya ganzi ni neema, sibishi. Siku hizi hatutumii kokaini, tunatumia tetrakaini, proksimetakaini na ndugu zao. Tone moja, chini ya dakika jicho halihisi. Tunapima presha ya jicho, tunatoa kipande cha chuma kilichonasa. Dakika kumi na tano, ishirini hivi, ganzi inaondoka na kazi yake imekwisha.

Fundi kachomelea bila ngao, mwanga umeunguza ngozi ya juu ya kioo cha jicho. Saa tano usiku anaamka anahisi mchanga machoni, machozi yanatiririka. Anaweka tone, maumivu yanakata. Nani hataipenda dawa hiyo? Lakini sikilizeni inachofanya. Ule mchubuko ungepona wenyewe ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu seli za pembeni zinakua na kuufunika. Dawa ya ganzi inazisumisha hizohizo seli. Haziongezeki, hazisogei. Jicho halihisi kwa hiyo halipepesi vizuri, linakauka. Ganzi ikiisha maumivu yanarudi makali zaidi, anaongeza tone. Kila baada ya saa mbili, kila saa. Baada ya siku kadhaa kioo kinakuwa na ukungu, duara jeupe, kinalainika, na wengine kinatoboka. Akifika hospitali anasema "nina infekisheni", chupa kaificha mfukoni maana anajua hatutampa nyingine. Tunahangaika na antibayotiki, jicho haliponi.

Hizo chupa hazina miguu. Zinatoka kwenye vyumba vyetu na kwenye maduka ya dawa. Mwenye duka anayemuuzia fundi tetrakaini kwa sababu "ndiyo inayomfaa" anamuuzia upofu kwa bei ya soda. Na kuna manesi wanaotoa kama zawadi.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka wangu wa pili kazini, shemeji yangu alikuja usiku nikiwa zamu, analia kwa kuchomelea. Nikampa kichupa kilichobaki, nikamwambia weka yakizidi. Nilijiona nimemsaidia. Alikitumia wiki nzima. Jicho lake la kulia lina kovu, na mpaka leo akinisalimia kwenye misiba anageuza kichwa kidogo ili anione kwa la kushoto. Dada yangu hajawahi kunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo mume wako akichomelea macho yakauma: vidonge vya maumivu vya kawaida, kitambaa safi cha baridi juu ya kope zilizofungwa, kukaa gizani, na asubuhi hospitali aangaliwe kama hakuna kipande cha chuma. Akipewa mafuta ya antibayotiki atumie. Viazi na maziwa ya mama hapana. Na anunue ngao ya kuchomelea. Miwani ya jua si ngao.

SEHEMU YA 6

Rangi nilitaka kuiruka, lakini inboksi imejaa "sista mwanangu anatoa machozi ya njano."

Inaitwa fluoresini. Iligunduliwa na mkemia Mjerumani, Adolf von Baeyer, mwaka 1871. Tunagusisha kikaratasi chenye ncha ya rangi ya chungwa ndani ya kope, tunamulika mwanga wa bluu, na penye mchubuko panang'aa kijani. Mtoto kachomwa na jani la mahindi, au mwenzake kamrushia chaki: kwa macho ya kawaida huoni kitu, ukiweka rangi kidonda kinajitokeza kama ramani. Machozi ya njano na kamasi ya njano ni hiyo rangi inatoka. Itaisha leoleo. Usimwoshe kwa sabuni.

Kwa nini ni karatasi? Kwa sababu rangi ya maji ikikaa kwenye chupa iliyofunguliwa, bakteria wabaya wanaipenda. Kila mgonjwa na karatasi yake. Ukiona kimoja kinapita kwa watu watatu, kataa, una haki.

Na mjue kile kikaratasi kinaamua nini. Jicho jekundu lenye kidonda likiwekewa matone ya deksamethasoni linaweza kuharibika vibaya, hasa kidonda kikiwa cha fangasi au cha kirusi cha hapesi. Duka la dawa halina mwanga wa bluu. Muuzaji anayekupa deksa kwa sababu jicho la mwanao ni jekundu anakisia tu, na anakisia kwa jicho la mtu mwingine.

Wenye kisukari wanaweza kuchomwa sindano ya rangi hii mkononi ili mishipa ya retina ipigwe picha. Ngozi inakuwa ya njano kidogo, mkojo unakuwa kama fanta, kwa siku moja hivi. Kichefuchefu hutokea. Mzio mkali ni nadra, lakini upo, ndiyo maana inafanyika hospitali tu. Mama unayenyonyesha sema kabla ya sindano, rangi inapita kwenye maziwa, mpangiwe cha kufanya.

SEHEMU YA 7, ya mwisho

Wenzangu wa sare wameniandikia kwamba nawaanika. Wagonjwa mia moja na manesi wawili, nani ana muda wa kuhadithia? Naijua hiyo foleni, nasimama nayo. Lakini kusema "hii inaitwa saiklopentoleti, ni ya kupimia, itachoma, mpaka kesho haoni karibu, akipata homa rudi" ni sekunde kumi na tano. Nimepima kwa simu. Kumtafuta mama aliyekimbia ni miezi saba.

Na wewe mama, kabla tone halijaingia muulize aliyeishika chupa inaitwaje, inapima au inatibu, itakaa muda gani, na nirudi nikiona nini. Akikununia, uliza tena. Akikupa chupa ya kwenda nayo nyumbani, soma jina mbele yake. Ikiwa ni ya ganzi mrudishie.

Yule binti karudi leo, na mama mkwe kaja naye, kavaa khanga mbili na uso wa kesi. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikampa chupa aishike mwenyewe. Akaniuliza hayo yote, na moja ambalo sikulitarajia: kama mimi nimewahi kuwawekea wanangu. Nimewahi, mkubwa, akiwa na miaka mitatu. Akasema haya weka. Mtoto alilia, bibi ndiye aliyembonyeza kona za macho, dakika mbili kamili kwa saa ya ukutani. Plasi tano na nusu, macho yote mawili. Miwani wameshaagiza.

Kile kichupa cha baba bado kipo nyumbani. Binti anasema mumewe amegoma kukitoa mpaka nimwambie mimi mwenyewe. Jumatatu nina zamu ya asubuhi, nimesema aje nacho.